Msimamizi anataka majina na simu za wahojiwa wangu, nifanyeje?

Mtoto wa Makorora: Wakuu, salaam. Nafanya utafiti wa masta kuhusu maisha mtaani baada ya kutoka jela. Nimehoji watu 14, wote niliwaahidi majina hayatatoka. Sasa msimamizi anataka orodha yao, jina, simu na mtaa, eti ndiyo ushahidi kwamba sikujipikia data. Halafu mmoja kasimulia wizi ambao hajawahi kushtakiwa, na kamtaja aliyeiba naye. Rekodi iko kwenye simu.

Shaba Nyeupe: Anza na hiyo simu. Mdogo wangu alifuta za kwake akajua yamekwisha, kumbe simu ilikuwa inazipandisha mtandaoni kila usiku.

Wakili Njaa: Orodha usitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu habari za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Ila mahakamani siri ya wakili na mteja inalindwa, ya mtafiti haimo. Sehemu ya wizi iandike upya bila majina, sauti ufute kama kamati ya maadili ya utafiti imeruhusu. Samansi ikishafika, usiguse kitu. Na waliobaki uwaonye kabla hujabonyeza rekodi: kosa ambalo polisi hawalijui, sitaki jina, tarehe wala mahali.

Mzee Daftari: Wakili kanena. Boston College ya Marekani waliwarekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland ya Kaskazini, wakawaahidi kanda hazitatoka mpaka wafe. Mwaka 2011 zikadaiwa kisheria, 2013 baadhi ziko kwa polisi. Waliahidi wasichokimudu.

Msimamizi mpe daftari la kazi: M01, M02 badala ya majina, tarehe, dakika. Majina yakae karatasi moja, penye kufuli. Fomu za ridhaa walisaini?

Mtoto wa Makorora: Walisaini, majina matatu. Ziko bahasha moja na mahojiano, kwa mpangilio uleule 🙈

Mzee Daftari: Lahaula! Sasa namba za nini? Tenganisha leo hii. Waliobaki, iombe kamati ikubali ridhaa ya mdomo.

Kijukuu: Jina la bandia nalo halitoshi. Niliwahi kusoma tasnifu ya mtu, "Juma", fundi baiskeli asiye na kidole gumba. Kwetu fundi wa hivyo ni mmoja tu, na tairi langu alilitia kiraka yeye.

Mtoto wa Makorora: Duh. Mimi nina "kinyozi mwenye kengeza, jirani na msikiti". Ngoja nikafute.