Levi ya utalii tunalipa sisi, kwenye tangazo ni nyumbu tu

Wadau, naandika saa tano usiku kwa sababu nikilala na hili nitaamka nalo.

Nina gesti ya vyumba saba Watamu, pwani ya Kenya. Leo asubuhi wamenijia vijana wawili wa levi na mafaili, wanataka vitabu vya risiti vya Aprili na Mei. Aprili na Mei, jamani! Upepo wa kusi umeshaingia, mwani umejaa ufuoni mpaka unanuka, hoteli kubwa zimefunga na wafanyakazi wamerudi makwao. Mei nzima nililaza wageni wanne, na wawili kati yao ni mafundi wa mnara wa simu. Kijana akatoa kalkuleta mbele yangu, akapiga asilimia 2 hadi kwenye chai na chapati za wale mafundi.

Na ni asilimia 2 ya mauzo, si ya faida. Hapo sijalipa stima, maji wala mshahara wa mtu. Mwezi wa hasara nao unadaiwa.

Levi yenyewe siipingi. Imekuwepo tangu miaka ya 70, na imekilisha Chuo cha Utalii kule Nairobi miaka na miaka. Sheria ya Utalii ya 2011 inasema hela hizo ni za mafunzo, za kukuza vivutio na za kuitangaza nchi. Haya, nionyesheni tangazo la Watamu! Nikifungua simu naona nyumbu wanavuka mto Mara. Wakishavuka, simba. Simba akichoka, puto. Sisi wa pwani tukibahatika tunapewa mnazi mmoja na machweo, sekunde mbili, basi. Magofu ya mji wa kale wa Gede, hapa jirani, yameingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, nikasema sasa zamu yetu imefika. Hifadhi yetu ya bahari ipo tangu 1968, na kasa wanataga hapa hapa. Wageni wangu wengi hata jina la Gede wanalisikia kwangu, mezani, wakinywa madafu.

California nao wana mchango kama huu, kwa sheria ya 1995. Wenye hoteli, mikahawa na magari ya kukodi wanachangia kulitangaza jimbo lao. Lakini kule kila baada ya miaka sita walipaji wanapiga kura kama mchango uendelee au ufe. Najua, kura inapimwa kwa unacholipa, kwa hiyo mwenye vyumba saba hana ubavu hata huko. Ila angalau anaulizwa. Mimi swali ninaloulizwa ni moja tu: "Risiti ziko wapi?"

Halafu kuna jirani yangu mwenye nyumba tatu anazokodisha mtandaoni. Magari yanaingia na kutoka, getini hakuna hata kibao. Wale vijana walipita mlangoni kwake kama wanapita makaburini. Mimi niliyejisajili kwa hiari yangu ndiye wa kukaguliwa.

Kuna mwenye gesti ndogo hapa, awe Lamu, Kilifi au Diani, aliyewahi kuonyeshwa hela yake ilitangaza nini na wapi? Uliandikia nani, ukajibiwa? Niambieni upesi. Tarehe 10, siku ya kulipa, hiyo yaja, na mfukoni nina hela ya kitu kimoja: levi, au bati la chumba namba nne linalovuja.