Chuo kidogo kinachochapwa kila Jumamosi: kishuke daraja au kikomae?

Mwalimu wa Tororo

Habari za jioni, wanamichezo. Najua wengi hapa ni watu wa Vipers, KCCA na Villa, lakini leo nina swali la mpira wa Wamarekani, ule wa yai na kofia ngumu. Asiyeujua kabisa walau amesikia habari za Mathias Kiwanuka, mjukuu wa mzee Ben Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wetu hapa Uganda. Alicheza Boston College, kisha akabeba Super Bowl, ubingwa wa ligi yao ya kulipwa, mara mbili na New York Giants.

Mpwa wangu anasoma uhandisi huko, chuo cha serikali ya jimbo, mji mdogo, jina nalihifadhi. Timu yao iko daraja la juu, wanaliita FBS. Juzi alinitumia picha ya karatasi ya karo nikaisoma mstari kwa mstari, si unajua tena macho ya mwalimu. Kuna ada ya maabara, ya kliniki, ya maktaba, halafu ya michezo. Hiyo ya michezo imezidi zote tatu zikijumlishwa. Na kijana hajawahi kukanyaga uwanjani! Septemba timu ilikwenda kwa kigogo mmoja ikala hamsini na kitu kwa saba. Jumatatu mkuu wa michezo wa chuo akaandika kwamba safari ilikuwa ya mafanikio.

Sasa, kwa nini chuo cha namna hiyo kisishuke FCS, daraja linalofuata, kikacheza na wa kimo chake? Mpwa anataka washuke hata kesho. Shemeji, yaani baba yake, anasema kushuka ni aibu na hataki kulisikia neno hilo. Mimi wananipigia wote wawili.

Kijana wa Mukono

Mwalimu, mafanikio aliyoyasema yule bwana ni hundi. Kigogo anataka mechi ya nyumbani ya kujaza uwanja bila presha, kwa hiyo anamlipa mdogo aje achapwe. Chuo kidogo cha FBS kinaweza kuondoka na dola milioni moja na ushee kwa alasiri moja. Cha FCS hupewa laki kadhaa.

Ila kuna siku mwenye nyumba huumbuka. Tarehe 1 Septemba 2007 Michigan waliwaita Appalachian State kwa dola 400,000. Uwanja ulikuwa na watu zaidi ya laki moja. Wageni wakashinda 34-32, teke la mwisho la Michigan likazuiwa na mkono. Na App State wakati ule walikuwa daraja la chini! Walipanda baadaye, 2014. Mwambie shemeji kwamba jina halipatikani juu peke yake.

Mzee wa Bombo

Vijana, sisi huku tumeyaonja. Timu ya Chuo Kikuu cha Ndejje ilipanda Ligi Kuu 2018. Uwanja wao wa Arena of Visions uko pale pale chuoni, basi siku ya mechi unaona wanafunzi wanakuja na madaftari kwapani, akina mama wa karanga wamejipanga pembeni, na wale tuliokuwa tukiwasikia redioni wanashuka kwenye basi mbele ya macho yetu. Ulikuwa msimu mmoja tu, 2019 wakarudi chini. Kwangu mimi ilistahili, na atakayebisha aje tubishane Bombo.

Lakini hakuna aliyeitisha kikao cha kushuka. Msimamo wa ligi ndio uliowashusha, basi, kila mtu akaenda nyumbani. Marekani hakuna kitu hicho. Timu inapoteza mechi zote kumi na mbili na mwakani iko palepale. Sasa ni mkuu gani wa chuo atasimama mbele ya wahitimu wenye pesa zao aseme "tunashuka, na ni mimi nimeamua"?

Bursa wa Arua

Mzee wangu, yupo aliyesimama. Idaho.

Walikuwa wakicheza ligi ya Sun Belt, ya vyuo vya kusini. Chukueni ramani: Idaho iko kule juu kaskazini-magharibi, wenzao wako Louisiana, Alabama, Georgia. Kila mechi ya ugenini ni ndege. 2016 Sun Belt wakawaambia mkataba hautaendelea baada ya msimu wa 2017, na Aprili mwaka huo huo mkuu wa chuo akatangaza kwamba wanarudi FCS, ligi ya Big Sky, kwa majirani zao akina Montana. Wakawa wa kwanza kutoka FBS kwenda FCS kwa hiari yao. Watu walinuna! Halafu, kama kwa makusudi, msimu uleule timu ikashinda mechi tisa na Desemba ikaipiga Colorado State 61-50 katika mechi ya kufungia msimu. Waliokuwa wakipinga wakapata la kusema. Uamuzi haukuguswa.

Wakashuka 2018. Miaka ya kwanza hawakuonekana. 2022 wakaingia mtoano, 2023 wakafika robo fainali na wakaicheza nyumbani, kwenye ule ukumbi wao wenye paa unaochukua watu kama 16,000. Na 2023 hiyohiyo waliichapa Nevada 33-6, mwaka uliofuata Wyoming 17-13. Zote mbili ni za FBS.

Sasa Mwalimu, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Mpwa wako asidhani timu ikishuka karo yake inashuka nayo. Kwa kanuni zilizokuwepo hadi 2025, FBS ilikuwa na nafasi 85 za wachezaji wanaosomeshwa na FCS 63. Tofauti ni 22. Lakini kumsomesha mchezaji, sehemu kubwa ni chuo kujilipa chenyewe: pesa inatoka mfuko huu inaingia ule. Mkopo wa uwanja uko palepale. Wakati huohuo mgao wa televisheni unapungua na ile hundi ya kuchapwa inakuwa ndogo. Ni sawa na mtu aliyehamia chumba cha bei nafuu huku bado analipa kodi ya nyumba ya zamani.

Mimi nasema washuke. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5 kwa chuo, na chuo cha mji mdogo hakifiki huko hata kikiuza madawati. Ila washuke kwa maandishi, pamoja na azimio la baraza la chuo kwamba ada ya michezo inapunguzwa kwa kiasi fulani, kuanzia muhula fulani. Bila hiyo karatasi, mwanafunzi atalipa ileile na kuangalia mpira wa daraja la chini.

Kijana wa Mukono

Dada Bursa, mbona basi wengine wanapanda? Ada ya kuingia FBS ilikuwa dola 5,000, 2023 wakaifanya milioni 5, na bado Delaware na Missouri State wameingia 2025.

Bursa wa Arua

Wanaopanda wengi wamezoea kushinda kule chini, wanakwenda na mashabiki wao. Anayezungumziwa hapa ni yule aliyeko juu na viti vitupu. Na mwaka huohuo wa 2025, Saint Francis ya Pennsylvania imetangaza kwamba michezo yake yote inakwenda daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa wanamichezo kabisa. Walitangaza siku chache tu baada ya timu yao ya kikapu kucheza mashindano makubwa ya taifa.

Mwalimu wa Tororo

Asanteni sana. Dada, hesabu za chuo zinapatikana wapi?

Bursa wa Arua

Vyuo hupeleka NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ripoti ya mapato na matumizi ya michezo kila mwaka. Chake ni cha umma, kwa hiyo aandike barua aiombe. Aanze na mstari wa mapato unaosema "ada za wanafunzi", aulinganishe na mauzo ya tiketi.

Mwalimu wa Tororo

Nimemtumia, ameshaanza kuandika barua. Shemeji naye ameusoma uzi wote. Ameuliza kitu kimoja: kama mechi za FCS zinaonyeshwa DStv.