Pedali ya mwendo ya trekta dogo la haidroli inakwama ikiwa mbele: tuanzie wapi kabla ya kununua pampu?

Msimamizi wa Viwanja, Karen

Hamjambo nyote. Ninasimamia viwanja vya michezo vya shule moja hapa Karen, na nyasi zetu hukatwa kwa trekta dogo la dizeli la nguvu-farasi 25, lenye mashine ya kukatia nyasi chini ya tumbo. Mwendo wake ni wa haidroli. Pedali ni moja, upande wa mguu wa kulia: dereva akikanyaga kwa vidole trekta huenda mbele, akikanyaga kwa kisigino hurudi nyuma, na akiondoa mguu pedali inapaswa kurudi katikati yenyewe ili trekta lisimame.

Tangu mvua za masika zianze, pedali hairudi ipasavyo. Asubuhi hufanya kazi vizuri, lakini baada ya muda wa kukata nyasi dereva akiondoa mguu hubaki imelala kidogo upande wa mbele, na trekta huendelea kutambaa. Kwa kisigino hakuna shida yoyote. Dereva wetu amezoea kuingiza ncha ya kiatu chini ya pedali na kuiinua, jambo ambalo silipendi hata kidogo, kwa sababu wiki hii trekta lilitambaa hadi kwenye ua wa kayaba kabla hajawahi breki, na upande wa pili wa ua huo ndiko wanafunzi hupita wakienda bwenini.

Fundi aliyeitwa alilitazama kwa muda mfupi, akasema kuwa pampu imekwaruzika ndani na ibadilishwe nzima. Bei aliyotaja ni nzito, na bodi ya shule itataka maelezo kabla ya kuidhinisha fedha. Mafuta ya haidroli yamefika kwenye alama na rangi yake ni safi. Trekta huoshwa kila Ijumaa kwa mashine ya maji ya presha. Je, kuna namna ya kuhakikisha kwamba kweli ni pampu?

Fundi wa Haidroli, Industrial Area

Dada, kwanza trekta hilo lisifanye kazi tena karibu na watoto mpaka pedali irudi yenyewe kila mara. Dereva pia aelezwe kwamba pedali ikikwama asihangaike nayo: akanyage klachi ikiwa trekta lina klachi, akanyage breki, kisha azime injini. Mguu unaotafuta pedali chini huku trekta likitembea ndio unaoleta ajali.

Sasa nije kwenye swali lako. Namna ipo, na haihitaji kununua kitu. Pedali yenyewe haigusi mafuta. Inasukuma fimbo ndefu inayopita chini ya sakafu ya kukanyagia, na fimbo hiyo inavuta mkono mfupi uliofungwa kwenye shafti ndogo inayochomoza ubavuni mwa pampu. Shafti hiyo ikizunguka kidogo, ndani ya pampu sahani inalala mshazari. Pistoni zinazozunguka juu ya sahani hiyo huanza kuingia na kutoka, zinasukuma mafuta kwenda kwenye mota, na magurudumu yanazunguka. Sahani ikisimama wima, pistoni hazisukumi chochote na trekta linasimama. Kinachoirudisha sahani wima ni springi yenye nguvu iliyo nje, kwenye mkono huo, na katika matrekta mengi kuna pia beringi ndogo inayotumbukia kwenye kishimo kunasa nyutro, yaani pale katikati ambapo trekta haliendi mbele wala nyuma.

Kwa hiyo mnyororo wote una pande mbili, upande wa pedali na upande wa pampu, na fimbo ndiyo inayoziunganisha. Ifungueni fimbo pale inaposhikana na mkono wa pampu. Kabla ya hapo egesheni trekta mahali tambarare, mzime injini, mtoe ufunguo, mfunge breki ya mkono, mweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na mashine ya kukatia nyasi ishushwe hadi chini. Fimbo ikishafunguka, mkono wa pampu usukumwe kwa mkono kwenda mbele kisha uachiliwe. Utakuwa mgumu, na ugumu huo ni wa kawaida, lakini lazima springi iurudishe katikati bila kusita. Kisha pedali ikanyagwe ikiwa peke yake. Sasa haina kitu cha kuirudisha, kwa hiyo msitazamie iruke. Mnachotafuta ni kama inakwenda na kurudi kwa kidole kwa wepesi uleule mwanzo hadi mwisho, au kuna mahali inapokwaruza.

Mkono wa pampu ukirudi vizuri na pedali ikawa ndiyo inayosita, mwambie huyo fundi aiache pampu. Mimi kwa maelezo yako naelekea huko. Pampu iliyokwaruzika ndani mara nyingi huonyesha dalili nyingine: trekta huishiwa nguvu mlimani mafuta yakipata moto, au huanza kulia. Wewe hukutaja hata moja. Tena, mafuta mazito ya asubuhi ndiyo yangeifanya pedali iwe nzito, na jua likipanda ingekuwa nyepesi. Kwenu ni kinyume.

Mzee wa Malisho, Ruai

Naunga mkono aliyoyasema fundi, ila kabla ya spana kushikwa, inueni mkeka wa mpira uliopo miguuni mwa dereva. Nimeona mkeka uliokunjamana ukingoni ukaingia chini ya upande wa vidole, na pedali ikakataa kurudi siku nzima. Kisha laleni chini mtazame fimbo inapopita juu ya mashine ya kukatia nyasi. Masika haya nyasi za kikuyu ni mbichi, zinarushwa juu zikiwa zimelowa, zinashikamana na udongo mwekundu wa huko kwenu na kukauka kwa joto la injini hadi zikawa ngumu kama tofali bichi. Asubuhi dereva ameanza na nafasi tupu. Kufikia saa nne nafasi imejaa na fimbo inasugua. Hilo linaweza kueleza kwa nini tatizo huja baadaye.

Jambo la pili ni kifaa cha kushikilia mwendo, kile kinachoishika pedali ili trekta liendelee bila mguu, kama trekta lenu linacho. Baadhi hutumia meno ya chuma yanayonasa kwenye pedali, mengine hutumia sumaku ya umeme. Meno yakiwa na kutu hayaachii. Ya sumaku, chomoeni waya wake kisha mjaribu tena. Kwa kawaida kifaa hicho hushika mwendo wa mbele tu, na pedali yenu inakwama mbele tu, kwa hiyo kisisahauliwe.

Msimamizi wa Viwanja, Karen

Ahsante sana, fundi, na ahsante, Mzee. Tumefanya mlivyoelekeza pamoja na fundi wa shule, na trekta tumeliegesha tangu siku ile. Mkeka uko sawa. Nyasi zilikuwa nyingi kweli, tukazitoa kwa fimbo ya mti na brashi. Kifaa cha kushikilia mwendo ni cha meno, na tulikifungua kabisa, lakini pedali iliendelea kusita.

Fimbo ilipofunguliwa, mkono wa pampu ulirudi katikati kwa kishindo kila tulipouachilia. Pedali peke yake ndiyo yenye tatizo. Inakwenda vizuri hadi karibu nusu, kisha inakwaruza na kusimama hapo. Ukiisukuma kando kuelekea kulia kwa kiganja huku ukiikanyaga, inapita bila kusita. Tumeona pia kuwa shokabzoba ndogo iliyounganishwa na pedali ina mafuta kwenye fito yake, na vumbi limegandamana hapo. Nipeli ya pedali, kile kichwa kidogo cha kupitishia grisi, haipokei grisi. Inarudi pembeni mwa bomba.

Fundi wa Haidroli, Industrial Area

Hapo umemaliza kazi kubwa. Pampu yenu ni nzima, na hilo la kuisukuma kando ndilo linalosema mengi. Pedali huzunguka juu ya pini iliyo ndani ya bushi, yaani kile kibomba kifupi kinachoizunguka pini. Dereva hukanyaga upande mmoja wa pini siku zote, kwa hiyo bushi huliwa upande mmoja, pedali inainama kidogo, na ukingo wa bushi unauma pini. Ukiisukuma kulia unainyoosha kwa muda, nayo inapita. Maji ya presha yamesaidia uharibifu huo: yanaingia kwenye bushi, yanafukuza grisi, yanaacha kutu, na nipeli inaziba.

Ondoeni klipu ya mwisho wa pini, mvue pedali. Ikigoma, mafuta ya kulegeza kutu yaachwe usiku kucha. Msiigonge pini kwa nyundo moja kwa moja kichwani, kwa sababu itachanua na haitatoka tena. Pini ikishatoka, ipitisheni kucha juu yake kwa urefu. Kucha ikikwama kwenye mfuo, pini ibadilishwe au ikerezwe mpya. Kama ina kutu ya juu juu tu, msasa laini unatosha. Bushi mpya, kama haipatikani kwa wakala, fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza huku Industrial Area atawatengenezea ya shaba kwa kupima pini yenu. Mpelekee pini yenyewe pamoja na pedali, msimpelekee vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Mwambieni atoboe njia ya grisi ilingane na nipeli. Tundu likikosea kwa upana wa kidole tu, grisi haitafika na mtarudi palepale. Nipeli na klipu ni vitu vya bei ndogo, mtavipata Kirinyaga Road.

Shokabzoba inayovuja ibadilishwe wakati huohuo. Kazi yake ni kupunguza kasi ya pedali kurudi ili trekta lisisimame kwa kutikisika. Ikiwa fito yake imepinda au imeganda, nayo hushikilia pedali, na mtadhani bushi mpya haikufaa.

Dereva wa Zamani, Embakasi

Samahani kuingilia. Je, haingefaa mafuta yote ya haidroli yabadilishwe pia wakati trekta limefunguliwa? Mimi huweka mafuta ya injini ya 20W-50 kwenye mashine yangu ya kukatia nyasi na haijawahi kusumbua.

Fundi wa Haidroli, Industrial Area

Ndugu, mashine yako huenda ni ya zile ndogo za bustani, na kweli baadhi ya gia zake za haidroli zimeundwa kwa 20W-50. Trekta la shule ni jingine. Katika matrekta ya ukubwa huo mafuta yaleyale huendesha mwendo, hunyanyua mikono ya nyuma, na hulainisha gia na mara nyingi breki zilizozama ndani yake, kwa hiyo yanatakiwa yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Dada amesema yake ni safi. Yangekuwa meupe kama maziwa tungejua kuna maji, na hapo ningesema yamwagwe yote na filta pia. Kwa sasa atazame tu saa zilizoandikwa kwenye mita na kitabu kinasemaje, kwa sababu hayo mafuta hayakuhusika na pedali.

Dada, mkimaliza kufunga lazima nyutro ikaguliwe, kwani bushi mpya itabadilisha kidogo mahali pedali inapotulia. Hapa ndipo watu huumia. Trekta linyanyuliwe kwa jeki na kukaa juu ya stendi imara, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Msinyanyue ya nyuma pekee huku gia ya magurudumu manne imeingizwa, kwa maana ya mbele yataliburuta litoke kwenye stendi. Mtu mmoja awe kitini, wengine wakae ubavuni mbali na magurudumu, na mashine ya kukatia nyasi iwe imezimwa. Swichi ya kiti isifungwe waya ili kuidanganya. Ikizima injini dereva anapoinuka, inafanya kazi yake.

Injini ikinguruma na pedali imeachwa, magurudumu yasizunguke hata kidogo. Yakizunguka polepole, zimeni injini kwanza, kisha mlegeze nati ya kufungia kwenye fimbo na kuirefusha au kuifupisha kwa nusu mzunguko, mwashe tena mtazame. Endeleeni hivyo mpaka yatulie pedali ikiachwa kutoka mbele na ikiachwa kutoka nyuma pia, kisha nati ikazwe. Baada ya hapo jaribuni uwanjani pasipo na watu, mafuta yakiwa yamepata moto, kwa sababu ndiyo hali iliyokuwa ikiwasumbua. Na siku ya kuosha, maji ya presha yasielekezwe kwenye pedali; pakishakauka, bomba la grisi lipitishwe hapo mpaka grisi mpya ichungulie pande zote mbili za bushi.