Vitu vya nyumbani vinawezaje kuwa picha za kisanaa?

Muulizaji
Ndugu zangu, kila nikisafiri hurudi na picha ninazoridhika nazo, lakini nikiwa nyumbani, kati ya viti, sufuria na mapazia yaleyale, kamera hukaa kabatini wiki nzima. Mnafanyaje hadi kitu cha kila siku kiwe picha ya kisanaa, na si ushahidi tu kwamba kitu hicho kilikuwepo?

Jibu la kwanza
Kinachokukwamisha, nadhani, ni kuvitazama vitu kwa majina yake, kwa sababu jicho likishasema "sufuria" huwa limemaliza kazi. Mwaka 1930 mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliiweka pilipili hoho moja ndani ya faneli ya bati, ambayo kuta zake ziliurudisha mwanga kwenye mikunjo ya pilipili ile, akaiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Wengi waitazamao picha hiyo huona mgongo na mabega ya mtu kabla ya kuona pilipili. Zima taa zote, sogeza sufuria yako karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa pembeni, kisha karibia mpaka mpini utoke nje ya fremu. Hapo utabaki na mviringo na kivuli chake, na hivyo viwili ndivyo unavyopaswa kuvipanga.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, ila si lazima kitu kipoteze jina lake. Mpiga picha Josef Sudek, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga picha za dirisha la studio yake mjini Prague kuanzia 1940 hadi 1954, na katika picha hizo dirisha ni dirisha. Kinachobadilika ni mvuke, matone na barafu juu ya kioo, na mti ulio nyuma yake. Chagua pembe moja ya nyumba, uipitie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki mbili bila kupiga picha hata moja, ukiandika tu saa ambayo mwanga unafika. (Najua inachosha, mimi mwenyewe nilivumilia siku tisa.)

Muulizaji
Nimejaribu yote mawili. Sufuria imenishinda, lakini nimegundua kwamba saa kumi na moja jioni kivuli cha kiti hupanda juu ya pazia jeupe na kukaa hapo muda mfupi sana. Tatizo ni kwamba pazia linatoka la kijivu, kama halijafuliwa.

Jibu la tatu
Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kwa hiyo kitu cheupe hukipunguzia mwanga. Kwenye mpangilio wa kurekebisha mwanga wa kamera, ongeza hatua moja (yaani mwanga maradufu), au moja na nusu, kisha uangalie kama nyuzi za kitambaa bado zinaonekana, zikipotea, umezidisha.