Ushauri: Tunataka kuchangia familia tatu zinazouguza wagonjwa wa akili, tuanzie wapi?

Mwanamtaa: Wakuu, kikundi chetu cha watu 40 hapa Dodoma kimekubali kusaidia familia tatu. Wagonjwa wawili wana skizofrenia (mtu husikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), mmoja ana ugonjwa wa hisia mseto (hisia hupanda na kushuka kupita kiasi). Wazo lililopo ni harambee moja kubwa, posta yenye picha zao, kisha tuwakabidhi fedha. Mnaonaje?

Bi Mkubwa: Picha toeni kabisa, tafadhali. Mgonjwa akipata nafuu atataka kazi na kuoa, na picha itakuwa bado inazunguka WhatsApp. Andikeni "familia tatu za kata yetu", basi. Majina yabaki kwa watu wawili na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye athibitishe mahitaji.

Mhasibu wa Kikundi: Harambee ya siku moja haifai hapa. Ugonjwa huu ni wa miaka. Fedha ikiisha mwezi wa tatu, dawa zinakatika na mgonjwa anarudi wodini. Chukueni ahadi za kila mwezi: watu 40 kwa 5,000 ni 200,000. Pangeni bajeti kwa 150,000 tu, maana kuna watakaochelewa, na ziada iwe akiba ya dharura. Fungueni akaunti ya kikundi, saini mbili kati ya tatu. Simu ya mweka hazina isipokee mchango hata siku moja, hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mwanamtaa: Lakini si matibabu ya akili hospitali za serikali ni bure?

Nesi wa Zamu: Kwa sera, ndiyo. Ila dawa zikikosekana dirishani, familia inatumwa famasi. Kuna nauli ya watu wawili, na anayeuguza anapoteza kibarua siku hiyo. Tazameni kadi ya kliniki: tarehe ya kurudi ndiyo iwe tarehe yenu ya kutoa fedha, siku mbili kabla.

Kwa wenye skizofrenia, ulizeni pia kama mgonjwa anatumia haloperidol au sindano ya fluphenazine, dawa za kutuliza dalili zake. Hizi zinaweza kukaza mwili. Utamwona mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, mate yanamtoka, na ndiyo maana wengi wanaziacha. Asiziache mwenyewe nyumbani, arudi kliniki: daktari anaweza kupunguza dozi au kumwongezea benzhexol, dawa ya kupunguza kukaza na kutetemeka huko. Bajeti iwe na nafasi ya hiyo. Wa hisia mseto, kama yuko kwenye lithium, dawa ya kutuliza hisia, wekeni fungu la vipimo vya damu na figo. Akiharisha au kutapika sana awahishwe hospitali, dawa hiyo inaweza kupanda mwilini ikawa sumu.

Mwanamtaa: Na familia ikipeleka fedha kwa mganga?

Bi Mkubwa: Msigombane nao, wataacha kuwaambia ukweli. Dawa lipieni famasi moja kwa moja, mkiwa na cheti cha daktari, risiti ibaki kwenu. Nauli na fedha ya chakula mpeni anayeuguza mkononi, asainie daftari. Mara nyingi ni mama au dada, naye hajalala siku nyingi. Mmoja wenu akae na mgonjwa Jumamosi moja, huyo mama apumzike.