Msaada: tumeongeza RAM, tukapigiwa Windows mpya, sasa programu ya stoo imegoma kufunguka

Binti wa Kaunta

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, nimekwama tangu Jumatatu.

Tuna duka la vipuri vya pikipiki hapa Mwanza. Kompyuta ya kaunta ni Dell OptiPlex 780 ya mezani, Core 2 Duo, ilikuwa na RAM ya GB 2 na Windows 7. Ilikuwa nzito mno. Nikifungua WhatsApp na karatasi ya oda ya Excel kwa pamoja inaganda mpaka mteja anaondoka. Nikamwita fundi atuongezee RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, akatoa ile ya zamani akachomeka mbili za GB 4. Ikawaka vizuri, ila ikaandika kwamba zipo GB 8 na zinazotumika ni 3.24 tu. Fundi akasema Windows yetu ni ya biti 32, haiwezi kuzitumia zote, akapiga Windows 10 ya biti 64. Kweli sasa inakimbia, sina lawama hapo.

Tatizo ni programu ya stoo. Baba aliandikiwa na kijana mmoja mwaka 1997, na kijana mwenyewe alishahama nchi, namba yake hatuna. Ndani mna stoo yote, na kubwa zaidi mna daftari la wadaiwa, wale mafundi wanaochukua vipuri leo na kulipa kidogo kidogo. Nikibofya, linakuja dirisha la buluu linasema programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii, nimtafute aliyeitengeneza. Nimejaribu kuifungua kama msimamizi, nimejaribu kuiwekea alama ya XP, wapi. Folda yenyewe ipo salama kwenye D, fundi hakuigusa.

Risiti za kodi zinatoka kwenye mashine ya EFD kama kawaida, kwa hiyo tunauza. Lakini jana amekuja fundi mmoja wa Igoma anataka kabureta kwa mkopo. Baba akamwambia kuna deni la nyuma, yeye akasema alishamaliza. Hakuna pa kuangalia. Wamezozana mbele ya wateja, watu wanaofahamiana miaka mingi, na yule fundi ameondoka amekasirika. Baba ana miaka 71, programu hii anaiendesha kwa vidole bila kugusa kipanya: F3 kumtafuta mdaiwa, F5 ankara. Tangu jana anakaa tu pale kaunta.

Je, RAM ndiyo imeharibu? Nirudishe ile ya zamani?

Kijana wa Makoroboi

Rudisha RAM ya zamani dada, usijisumbue. Hizi RAM za mtumba zinaleta mambo ya ajabu. Mimi yangu ilikuwa inazima kila baada ya dakika 10, nilipoitoa ikapona.

Fundi wa Ubungo

Mkuu hapo juu, RAM mbovu ipo, lakini dalili zake ni kama zako: kuzima, kuganda, kioo cha buluu katikati ya kazi. Hapa kompyuta nzima ni nzima na programu moja tu ndiyo inakataliwa mlangoni. Akitoa RAM atabaki na programu ileile isiyofunguka, juu ya kompyuta nzito.

Dada, sikiliza. Windows ya biti 32 inahesabu anwani za kumbukumbu 4,294,967,296 basi, yaani GB 4. Katika hizo, kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua fungu lao, ndiyo maana uliona 3.24. Fundi wako alisema kweli. Asichokuuliza ni programu gani zinategemewa dukani kabla ya kupiga Windows mpya.

Programu ya 1997 yenye F3 na F5 nina hakika karibu yote kwamba ni ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na chumba ndani yake kiitwacho NTVDM cha kuhudumia programu za namna hiyo. Ya biti 64 haina. Na si kwamba Microsoft walisahau: prosesa yenyewe ikishaingia katika hali ya biti 64, ile njia ya kuendeshea DOS inafungwa. Alama ya XP uliyoweka inaidanganya tu programu kuhusu toleo la Windows, chumba kilichobomolewa haikirudishi.

Unaweza kurudi biti 32 na RAM zako zikabaki humohumo, ila utatumia 3.24. Mimi sikushauri. Windows 10 yenyewe iliachwa kutolewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Utakuwa unarudi kwenye njia inayoishia porini.

Mpwani wa Likoni

Pole dadangu. Nami niliwahi kuchezewa na hizi biti, ingawa yangu haikuwa DOS. Tuliweka Office ya biti 64 afisini, programu yetu ya karo ikaanza kulalamika kwamba haipati kiunganishi cha data. Kumbe programu ni ya biti 32 na inatafuta kiunganishi cha biti 32. Kilichonipotezea siku mbili ni majina ya folda. Mambo ya biti 64 yamewekwa kwenye System32, na ya biti 32 yako SysWOW64. Nilikuwa nasajili kiunganishi upande usio wake. Naliacha hapa huenda likamfaa mwingine.

Mteja Kwanza

Mimi nasema achaneni na programu ya 1997. Siku hizi kuna mifumo ya dukani ya kwenye simu, unalipia kwa mwezi, hata ukiwa safarini unaona mauzo.

Binti wa Kaunta

Mteja Kwanza, nakubali tutahama, hata baba anajua. Lakini nitahamaje bila kujua nani anadaiwa nini? Mfumo mpya nitaujaza nini? Kwanza nilifikie daftari.

Fundi wa Ubungo asante sana, angalau nimeelewa kilichotokea.

Mzee wa DBF

Binti, nimesoma yote. Kabla ya jambo lolote, nakili folda nzima kwenye flashi, kisha hiyo flashi itoe uiweke kabatini. Asiiguse mtu. Ukishamaliza nitajie majina ya mafaili yaliyomo, hasa herufi tatu za mwisho.

Binti wa Kaunta

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya, flashi iko kwenye droo ya fedha. Mafaili ni mengi, haya ni baadhi: STOO.EXE, BIDHAA.DBF, BIDHAA.CDX, WADAIWA.DBF, WADAIWA.CDX, WADAIWA.FPT, FOXUSER.DBF, FOXUSER.FPT.

Mzee wa DBF

Marahaba mwanangu. Hiyo FOXUSER imesema yote. Hii ni FoxPro, programu ya kutengenezea madaftari ya data. Microsoft waliinunua kampuni ya Fox mwaka 1992, na miaka ile ofisi nyingi tulizofanyia kazi, stoo na mishahara vilikuwa humo. Nimeandika programu za namna hiyo kwa miaka mingi na bado naziheshimu, mafaili yake yanasomeka hadi leo.

Kuna programu ndogo inaitwa vDos. Inaigiza kompyuta ya DOS ndani ya dirisha la Windows, na imetengenezwa kwa kazi za ofisi kama zenu. Utasikia watu wanakwambia DOSBox. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, daftari la wadaiwa sitaliweka humo.

Tengeneza folda mpya kwenye D, iite NAKALA, weka humo mafaili ya stoo. Sakinisha vDos. Ndani yake kuna faili dogo la maandishi liitwalo autoexec.txt, hapo ndipo unapoiambia kwamba herufi C isimame kwenye folda yako ya NAKALA, kisha mstari wa chini yake unaita STOO. Ukifungua vDos programu itaanza yenyewe, baba asihitaji kuandika kitu.

Binti wa Kaunta

Mzee imefunguka! Kioo cheusi, maandishi ya njano, jina la duka juu kabisa kama zamani. Nimeingia kwenye bidhaa, zipo zote, cheni, plagi, breki. Nikabonyeza F3 kwa wadaiwa, ikatoa ujumbe kwamba faili la memo halipo au limeharibika, na nikibonyeza chochote inanitoa nje.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, "Limepotea?" Sikuwa na jibu.

Mzee wa DBF

Halijapotea. Niambie ukweli, kwenye NAKALA uliweka mafaili yote?

Binti wa Kaunta

Niliweka EXE na DBF tu mzee. Hayo mengine nilidhani ni takataka za programu.

Mzee wa DBF

Hapo ndipo wanapokwama wengi, usijilaumu. DBF ni jedwali lenyewe: jina, tarehe, kiasi. CDX ni faharasa, ndiyo inayomtafuta mtu haraka, na inaweza kuundwa upya. FPT ndiyo ya kuogopa. Mle ndimo yanamokaa maelezo marefu ambayo mtu aliyaandika kwa mkono wake kando ya kila rekodi, na ndani ya DBF kunabaki namba tu inayosema maelezo yako wapi kule. Ukiwatenganisha, jedwali linakataa kufunguka. Na ukiipoteza FPT, hakuna pa kuyatoa tena.

Futa NAKALA, nakili upya folda nzima kutoka D, usichague kitu.

Binti wa Kaunta

IMEFUNGUKA. Wadaiwa wote wapo. Nimelinganisha na jumla ya madeni niliyoiandika Jumamosi iliyopita, imelingana mpaka shilingi ya mwisho. Mungu akubariki mzee wangu, sina namna ya kukushukuru.

Limebaki moja. Printa ni Epson LX-300+, ile ya utepe. Ankara inatoka, lakini herufi ni pana na safu ya Jumla inadondoka mstari wa chini. Zamani ilikuwa inaenea kwenye karatasi ileile.

Fundi wa Ubungo

Hapo naweza kusaidia mimi. Kwa herufi za kawaida, LX-300+ inaingiza herufi 80 kwa mstari. Programu za enzi hizo zilikuwa zinatuma kwanza namba ya siri, 15, kuiambia printa ibane maandishi, na ikibana zinaingia 137. Sasa hivi namba hiyo inaishia njiani, kwa sababu Windows inachora ukurasa upya kabla ya kuupeleka.

Ishirikishe printa kwenye Windows kama vile unaitoa kwa kompyuta nyingine, uipe jina fupi lisilo na nafasi. Kisha kwenye config.txt ya vDos, mstari wa LPT1, yaani mlango wa printa, andika njia ya printa hiyo ya kushirikiwa. Data itapita mbichi kama programu ilivyoituma. Printa izime uiwashe kabla ya kujaribu, isije ikabaki na mpangilio wa awali.

Binti wa Kaunta

Imekaa sawa mkuu! Ankara moja, karatasi moja, Jumla iko pembeni kulia mahali pake. Asante sana.

Mzee wa DBF

Vizuri. Sasa la kuhama, kwa kuwa umesema mtahama. LibreOffice inafungua hizo DBF moja kwa moja kama karatasi ya hesabu. Ukifika wakati wa kuhamishia mfumo mpya, fungua nakala, ihifadhi kama karatasi ya kawaida, ufanye kazi hapo. Usihifadhi kamwe kurudi kwenye DBF inayotumika dukani, kwa sababu CDX na FPT hazitajua ulichobadilisha. Na yale maelezo ya memo uyahakikishe mwenyewe moja moja, usiamini kwamba yamehama.

Kila jioni mkifunga duka, folda nzima kwenye flashi. Flashi mbili, mnapokezana.

Mpwani wa Likoni

Na yule fundi wa kabureta? Alikuwa anadaiwa?

Binti wa Kaunta

Nilitaka kuwaambia. Baba alikaa mwenyewe, akabonyeza F3, akaandika jina la yule fundi wa Igoma. Kwenye safu ya kiasi bado lilikuwepo deni la 45,000, ndilo baba alilokuwa analikumbuka. Akafungua maelezo ya pembeni, yale yanayokaa kwenye FPT. Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, Septemba: "Ameleta zote, nilikuwa msibani, amemkabidhi binti. Nifute deni nikirudi."

Hakuwahi kulifuta. Na mimi ndiye niliyepokea hizo hela, nikasahau.

Ametoka sasa hivi, amechukua kabureta na bodaboda, anaelekea Igoma.