Naombeni ushauri: famakolojia inanitoa jasho, nisomeje?

Binti wa Gungu:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza, uuguzi na ukunga, chuo kimoja hapa Kigoma. Anatomia naenda nayo vizuri, ila famakolojia sijui niishikie wapi. Daftari limejaa: jina la dawa, kundi, kazi, dozi, maudhi, nani asipewe. Nakesha nakariri, kukicha amoksilini na ampisilini zimeshaingiliana, na jentamaisini sikumbuki hata inadhuru nini. Mliopita huku mlisomaje? Na hesabu za dripu jamani, nikiona swali la matone naliruka.

Mwana Ujiji:
Kariri tu dada, wote tulikariri 😀

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Marahaba mdogo wangu. Huyo wa juu usimsikilize sana. Kukariri utakariri, hakuna namna, lakini si kwa mpangilio huo wa daftari. Ukikutana na dawa mpya, ifuate safari yake kwanza: inaingiaje, inasambaa wapi, nani anaichakata, inatokea wapi ikiuacha mwili. Majibu mengi ya mtihani yako humo.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, maana hapa kwetu utaigawa mpaka uichoke. Mtu mzima vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Hiyo unaijua. Sasa kwa nini tunasisitiza ale kwanza? Lumefantrini iliyomo kwenye mseto huo inataka mafuta ndipo ifyonzwe vizuri. Tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita bure. Kwa hiyo mama akikwambia mgonjwa kameza kwa chai ya rangi, usiitikie tu "haya". Muulize nyumbani kuna nini. Dagaa walioungwa kwa mawese wanatosha kabisa, maziwa pia.

Jentamaisini yako hiyo inatokea kwenye figo. Figo zikiwa dhaifu inarundikana, na ikirundikana inaumiza figo zenyewe pamoja na masikio. Ndiyo maana daktari anauliza kipimo cha figo, na wewe unaangalia mkojo na kumuuliza mgonjwa kama masikio yanavuma. Umeona? Maudhi, tahadhari na kazi ya nesi vimetoka kwenye jambo moja.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba ni hivyohivyo, nayo inatokea kwenye figo. Kabla ya dozi inayofuata hesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Gonga goti uone mguu unaruka. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikigoma, usichome, mwite daktari. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe kwenye trei yako, si stoo iliyofungwa na mwenye ufunguo kaenda kula.

Kijana wa Dirisha la Dawa:
Nyongeza: soma kwa familia. Zinazoishia na -olol (atenolol, propranolol) zinapunguza mapigo ya moyo, mwenye pumu tahadhari. Zinazoishia na -pril (captopril, enalapril) zinashusha presha na zinaweza kuleta kikohozi kikavu, mjamzito asipewe. Ukiijua moja umeijua ndugu yake.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Kwenye mtihani inasaidia, nakubali. Wodini soma kichupa chote, jina hadi tarehe ya kuisha, hata kama ulikishika asubuhi.

Mzee wa Matone:
Nije kwenye hesabu, maana wanafunzi wengi ndiko wanakoanguka. Mililita zidisha kwa matone ya seti (mrija wa dripu) kwa mililita, gawanya kwa dakika. Basi. Mililita 500 kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 ni 10,000, gawanya kwa 240, unapata 41.67, weka 42 kwa dakika.

Sindano ya artesuneti, ya malaria kali, nayo ishike: chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4. Wadogo wanazidishiwa kwa sababu dozi ya kilo kama ya wakubwa inawaachia dawa pungufu kwenye damu. Mtoto wa kilo 10 apate ngapi kwa mshipa? Dawa ikishachanganywa ina miligramu 10 kwa mililita.

Binti wa Gungu:
Miligramu 30, kwa hiyo mililita 3?

Mzee wa Matone:
Hapohapo. Sasa rudia ile dripu ya 500 kwa seti ya watoto, matone 60 kwa mililita. Ukiona matone kwa dakika yamelingana na mililita kwa saa usifute, ndivyo seti hiyo ilivyo.

Binti wa Gungu:
125 na 125! Asanteni sana. Kesho naanza daftari jipya, naanzia na zinazotokea kwenye figo.

Mwana Ujiji:
Ukimaliza lipige picha ulitume hapa, na sisi wa kukariri tuna sapu 😀